Wiki Sita Nilizoshindwa Kuomba

Mama yangu alipolazwa kwa wiki sita, mimi niliyekuwa nimeongoza kikundi cha maombi kwa miaka kadhaa nilishindwa kuomba. Sikuacha kuamini. Kila usiku nilipiga magoti kando ya kitanda kama nilivyozoea, nikafumba macho, nikasema "Baba," kisha maneno yakaniishia papo hapo. Nikabaki nikiisikiliza saa ya ukutani mpaka magoti yakafa ganzi, ndipo nikainuka na kulala.

Kilichonitesa zaidi kilikuwa aibu. Nilidhani kwamba Mkristo aliyekomaa hupita katika majaribu kwa uso mkunjufu, kwa hiyo kila nilipoulizwa hali baada ya ibada nilijibu, "Mungu ni mwema." Ni mwema kweli, lakini jibu hilo nilikuwa nimelifanya pazia, na ilinichukua muda kutambua kwamba hata mbele za Mungu nilikuwa nimelitundika pazia lilelile.

Ndugu kadhaa walinifariji kwa kuniambia kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Walisema kwa upendo, nami siwezi kuwalaumu, kwa sababu nimewahi kuwaambia wengine vivyo hivyo. Nilipoutafuta mstari huo katika Biblia sikuuona. Unaokaribiana nao ni 1 Wakorintho 10:13, usemao kwamba Mungu hatatuacha tujaribiwe kupita tuwezavyo, lakini hapo Paulo anazungumzia vishawishi vya dhambi, na mstari unaofuata unawaonya wasomaji waikimbie ibada ya sanamu. (Huenda neno letu "jaribu", ambalo hubeba mateso na kishawishi kwa pamoja, ndilo linalotuponza.) Kuhusu mateso, Paulo huyohuyo anaandika katika 2 Wakorintho 1:8 kwamba yeye na wenzake walilemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Mstari huo niliusoma mara tatu usiku ule. Mtume alikuwa amebebeshwa mzigo asioweza kuubeba, tena hakuona haya kuwaandikia watu hivyo.

Kuanzia hapo nilikisoma upya kitabu cha Ayubu, mtu mwema aliyepoteza mali, watoto na afya yake, nikaona jambo lililokuwa limenipita siku zote. Rafiki zake watatu wanaanza vizuri, kwa kuketi naye chini siku saba bila kusema neno. Wanapofungua vinywa wanatoa hotuba ndefu juu ya Mungu, nyingine zikiwa na mafundisho ambayo mtu angeweza kuyahubiri Jumapili bila kupingwa, lakini hakuna hata mmoja wao anayegeuka kusema na Mungu mwenyewe. Ayubu ndiye anayesema naye: analalamika, anadai majibu, anasema maneno ambayo mimi nisingethubutu kuyatamka kwa sauti. Naye Bwana anamkemea Ayubu kwa kusema bila maarifa, jambo ambalo hatupaswi kulificha. Lakini katika sura ya 42 hasira yake inawawakia wale watatu, na anatamka kwamba hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Nadhani tofauti yao imo katika upande walioelekeza nyuso zao. Ayubu alimlalamikia Mungu akiwa amemwelekea.

Zaburi ya 88 ilinisaidia kwa namna hiyohiyo. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka kuwa sifa kabla hazijaisha, lakini hii haigeuki. Inaishia gizani, na waliokusanya maandiko hawakuiongezea mstari wa kuifariji. Hata hivyo inaanza kwa kumwita Bwana "Mungu wa wokovu wangu", na mwenye kuomba anasema amelia mchana na usiku mbele zake. Aliyeiandika alikuwa gizani, na bado alijua ni nani wa kumlilia.

Nabii Eliya naye, alipoomba afe chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, hakukemewa. Alilala, akaamshwa na malaika akapewa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Nililipenda sana hilo, kwa kuwa usingizi wangu na chakula changu nilikuwa nimeviacha vikaharibika, nikidhani kwamba havihusiani na imani.

Kwa hiyo nilibadilisha kidogo namna yangu. Nilichukua daftari, na kila usiku nikaandika sentensi moja ya kweli kwa Mungu, hata kama haikuwa nzuri. Ya kwanza ilisema, "Baba, nimechoka na sikuelewi." Niliitazama kwa hofu, kana kwamba nilikuwa nimemtukana. Usiku uliofuata niliandika, "Leo mama hakunitambua, nami nimekukasirikia." Usiku wa tano nilijikuta nimeandika ukurasa mzima, na machozi ambayo hayakuwa yametoka tangu siku alipolazwa yakalowanisha wino.

Mama alirudi nyumbani, ingawa hajapona, na zipo siku ambazo bado hanitambui. Daftari limefika katikati. Jana niliandika, "Baba, bado sikuelewi," kisha nikazima taa, nikaendelea kuzungumza naye gizani mpaka usingizi uliponichukua.