Au siyo, mwanangu?

Jumamosi nilisema uongo, na leo Alhamisi bado umenikaa kooni kama mwiba wa perege.

Tulikuwa uani Korogwe, kwenye harusi ya mtoto wa kaka, tunachambua mchele. Mimi, shangazi, na mama mmoja wa upande wa bwana harusi tusiyejuana naye. Watu wasiojuana wakikutana kwenye ungo mmoja huulizana watoto. Shangazi akahesabu wake: wa kwanza yuko Arusha, wa tatu ndiye yule anayezunguka na kamera, wa pili Mungu alimchukua.

"Pole, dada. Aliumwa?"

"Pikipiki," shangazi akasema. Kisha akanigeukia. "Au siyo, mwanangu?"

Nikasema, "Ndiyo, shangazi."

Basi. Yule mama akasema vijana wa siku hizi na vyombo hivi, akaokota jiwe kwenye mchele, akalitupa. Tukaendelea. Barua ya uhamisho imetoka, mwezi ujao naanza Handeni, hayo nitayaandika siku nyingine. Mimi wiki nzima sijatoka kwenye ule ungo.

Mnaonisoma tangu zamani mnamjua binamu, yule aliyempandisha beberu kutoka Mombo hadi Lushoto amemvika koti la mvua. Na mnajua hakufa kwa pikipiki. Alikula mchana kwa mama yake, akasema kichwa kinamuuma, akajilaza kwenye kochi. Saa kumi na moja shangazi akaenda kumwamsha anywe chai. Nguo ya kwanza aliyofunikwa ilikuwa kanga ya shangazi mwenyewe. Pikipiki ilikuwa nje chini ya mparachichi, imesimama kwa stendi kubwa, imeoshwa.

Nimemjibu shangazi kichwani mara nyingi mno. Nikiwa kwenye daladala namjibu kwa ukali: shangazi, ulikuwepo! Nikiwa naosha vyombo namjibu kwa upole: shangazi, si ile presha? Jana usiku nilifika mahali nikamjibu yule mama mgeni badala yake, nikamweleza habari yote tangu mwanzo, naye akanisikiliza vizuri sana. Lakini kila nikirudi kwenye ungo wenyewe, shangazi ananitazama, ana punje mbili za mchele kwenye kidole, na mimi nasema ndiyo, shangazi.

Kinachoniuma ni kwamba ile Honda haikuwahi kumkosea. CG 125, aliinunua kwa bwana shamba mmoja mstaafu, na asingekuuzia hata kwa bei ya gari. Hotuba yake mliisoma hapa: kwamba Honda waliitoa miaka ya sabini kwa ajili ya watu wa nchi kama zetu, wanaopakia magunia na kusahau kumwaga oili, ndiyo maana injini yake ni ya fito za kusukuma valvu, haina makuu. Kwamba Wachina waliinakili, na nusu ya bodaboda mnazozipanda zina damu yake. "Mheshimuni babu yenu," alikuwa akiwaambia vijana wa kijiweni, nao wanamcheka.

Asubuhi za Julai kule Lushoto, ukiongea unatoa mvuke, yeye anafungua koki ya petroli, anavuta choki, anaipiga kiki mbili funguo ikiwa imezimwa, ya tatu ndiyo anawasha. Halafu haondoki. Anainamisha kichwa anasikiliza. Niliwahi kumuuliza ule mlio wa tik-tik-tik si ubovu? Akasema hizo ni tapeti, vyuma vya kusukuma valvu, na tapeti ikilia usiogope, ndiyo nzima. Iliyonyamaza kabisa ndiyo ya kuogopa, hiyo imebana, inaunguza valvu na wewe huna habari.

Nilipofika hapa jana niliacha kuandika, nikaenda kupika. Maana nilikumbuka jambo ambalo nimelizunguka wiki nzima.

Siku ile walipopima watu presha bure pale sokoni, mimi ndiye niliyemvuta mkono. Yule sista akasoma: 180 kwa 110. Binamu akasema, "Mia na themanini? Sista, spidi hiyo sijawahi kuifikia hata nikishuka Soni." Foleni nzima ilicheka, hata sista alicheka kabla hajaanza kumfokea. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Nikawasimulia watu ofisini. Nikawasimulia na ninyi hapa, mkacheka, nikaona nimeandika vizuri. Mmoja wenu aliuliza, sasa dawa ameanza? Sikumjibu. Na binamu sikumuuliza.

Kwa hiyo sijui hasira yangu na shangazi ni ya nini hasa. Mama anasema mzazi lazima apate wa kumlaumu. Sawa. Ila pikipiki ikitolewa kwenye hiyo kesi, wanaobaki ni chumvi, na yeye mwenyewe marehemu, na mimi na utani wangu. Huenda ndiyo maana ile "ndiyo, shangazi" ilinitoka haraka vile.

Jumanne nilimpigia. Shikamoo, marahaba, mlifika salama, tulifika. Nilishajiandaa kabisa. Akaniwahi kuuliza chupa yake ya chai aliyoisahau Korogwe, nikamwambia ninayo. Nyuma yake nikausikia ule mlio, ambao siwezi kuukosea hata usingizini.

"Nani anaiwasha?"

"Mjukuu. Nimemwambia kila wiki aiwashe kidogo, isije ikafa. Ngoja, sikusikii vizuri."

Hakusema zaidi, nami sikumuuliza. Tulikaa hivyo kwenye simu mpaka salio langu likakata. Tapeti zilikuwa zinalia.

Paka naye hajarudi tangu jana asubuhi. Dagaa wake wako pale pale mlangoni, sisimizi wameshaanza.