Mbegu za zabibu: kilicho na faida hakimo kwenye mafuta

Mafuta ya mbegu za zabibu husifiwa kwa antioksidanti (kemikali zinazozuia uharibifu unaoletwa na oksijeni) za mbegu, na sifa hiyo si yake. Proanthosayanidini, zile tanini zinazokausha ulimi ukitafuna mbegu, huyeyuka kwenye maji na pombe. Mbegu zikikamuliwa, karibu zote hubaki kwenye mashudu, yaani makapi yanayobaki. Mafuta hutoka na asidi ya linoleiki, ambayo ni asidi ya mafuta, takriban asilimia 70, na vitamini E kidogo.

Anayetaka tanini basi aanze na mashudu au mbegu zenyewe, si mafuta. Mbegu nzima zioshwe haraka bila kulowekwa, zikaushwe kwa nyuzi 40, kisha zisagwe kwa vipindi vifupi ili mashine isipate moto. Gramu 10 za unga zinataka mililita 100 za ethanoli ya kiwango cha chakula, ya asilimia 70. Koroga saa moja, chuja, rudia kwa pombe mpya. Ethanoli tupu hutoa kidogo. Maji matupu huzoa sukari na protini nyingi. Hifadhi dondoo, yaani kimiminika kilichochujwa, kwenye chupa ya rangi nzito iliyojaa hadi shingoni, ndani ya friji, maana hewa na mwanga huziharibu tanini.

Kipimo cha DPPH, kemikali ya zambarau inayopoteza rangi ikikutana na antioksidanti, ndicho kinachopotosha wengi. Rangi ya zambarau hufifia kuelekea njano, nawe unasoma kiasi cha mwanga kinachofyonzwa kwenye nanomita 517. Lakini dondoo lenyewe lina rangi ya kahawia: usipopima sampuli isiyo na DPPH na kuitoa kwenye hesabu, nguvu ya dondoo itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Pima viwango vitano au zaidi vya ukolezi wa dondoo. Kimoja hakikuambii kitu.

Hata ukipata namba nzuri, hiyo ni namba ya kwenye kikombe cha maabara. Molekuli kubwa za tanini hazipenyi utumbo. Bakteria wa utumbo mpana huzivunjavunja kuwa asidi ndogo, na hizo ndizo zinazoingia kwenye damu. Kinachoaminika zaidi kwa moyo ni kuusaidia utando wa ndani wa mishipa kutengeneza oksidi ya nitriki, mishipa ikalegea. Katika majaribio ya watu, shinikizo la damu hushuka kiasi kidogo, na kwa kolesteroli matokeo hayalingani. Kwa maoni yetu, hiyo haitoshi kabisa kumfanya mtu aache dawa zake. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, azungumze kwanza na daktari. Mwenye upungufu wa damu asinywe dondoo pamoja na mlo, kwani tanini hushika madini ya chuma.

Na tafadhali, usihamishie utaratibu huu kwenye kokwa za aprikoti, pichi, cheri au mbegu za tufaha. Zina amigdalini, na kuzisaga ndiko kunakofungulia sumu ya sayanidi. Mwaka 2016 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kwamba mtu mzima akila zaidi ya kokwa tatu ndogo mbichi za aprikoti kwa mkupuo anaweza kuvuka kiwango salama. Kwa mtoto mdogo, hata moja inaweza kukivuka.