Mradi wa lebo na vifungo vya makoti ya jeshi kwenye mitumba: nilipofikia mpaka saivi

Wale mnaofuatilia huu mradi, daftari la kwanza limejaa! Lina vifungo vya Uingereza na lebo za Marekani, saivi nahamia kwa Wajerumani. Kwa ambaye ndo anaingia leo: nakusanya lebo, vifungo na zipu za makoti ya zamani ya majeshi ya nje, yale yanayokuja yamechanganyika kwenye mabelo ya makoti ya baridi hapa Mbeya. Sare yenyewe sikusanyi.

Niliweke hili wazi mapema maana kila mtu anauliza kama sivunji sheria. Bongo raia haruhusiwi kuwa na sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo, na Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba wananchi wasalimishe. Kwaiyo mabakamabaka sigusi, liwe la nchi yoyote ile, hata lile la Ujerumani Mashariki la vistari vidogo ambalo wakusanyaji wa Ulaya wanalitafuta sana. Kinachonihusu ni kile kinachobaki kwa fundi. Mfanyabiashara akifungua belo akakuta kabuti la sufu la kijivu au la bluu, zito, limeshonwa vizuri, anajua litauzika kwa mlinzi au dereva wa boda, ila lile nembo la kifungoni linamtia mteja wasiwasi, basi anampelekea fundi avitoe vifungo vyote aweke vya plastiki vya kawaida. Vya shaba vilikuwa vinaishia kwenye taka pamoja na lebo. Mi hapo ndo naingia, nanunua vile vilivyotolewa, koti linaendelea na safari yake.

Msimu wenyewe ni Juni mpaka Agosti, baridi ikikaza, mabelo ya makoti yanafunguliwa kwa wingi Mwanjelwa. Kuna mama mmoja anauza makoti ya sufu tu, huyu amekuwa nguzo ya mradi, nikifika namwamkia shikamoo mama, anajibu marahaba huku ameshainama kutafuta chini ya meza, "mwanangu, hivi hapa, vina simba na yule farasi wa pembe." Vya simba na farasi wa pembe ni vya jeshi la Uingereza, ile nembo ya ufalme, na mama saivi anavitambua kwa mbali kuliko watu wengi wanaojiita wataalamu.

Ngoja niwaeleze kifungo kimoja maana hiki kimenikalisha usiku. Cha shaba, kizito, kikubwa kidogo kuliko shilingi mia. Nyuma kuna kipete cha kushonea, na kuzunguka kile kipete maandishi madogo sana yamesoma GAUNT LONDON, hao ni watengenezaji. Mbele kuna ile nembo na juu yake taji. Sasa angalia taji. Kama matao yake yamepanda yakaviringana juu kama kuba, hilo ni taji la wafalme, lilitumika kuanzia 1901 mpaka Mfalme George wa Sita alipofariki Februari 1952. Kama matao yamebonyea katikati, ni taji alilochagua Malkia Elizabeth, basi kifungo ni cha baada ya hapo. Cha kwangu kimeviringana. Maana yake kimetengenezwa enzi za wafalme, Tanganyika ikiwa bado chini ya wakoloni, na kimekuja kutua Mbeya kwenye koti lililokuwa linauzwa elfu kumi na tano. Aisee nilikaa nacho mkononi nakigeuza tu. Vya enzi za Malkia vingi ni alumini iliyotiwa rangi ya dhahabu, vyepesi, ukivitikisa mkononi unasikia kabisa tofauti, vililetwa ili askari asihangaike kung'arisha shaba kila siku.

Lebo za Marekani ndo rahisi kuzipa mwaka, kama bado zinasomeka. Tafuta mstari unaoanza na DSA 100, tarakimu mbili zinazofuata ndo mwaka wa mkataba. DSA 100-68 ni 1968, imeisha hiyo. Ukikuta DLA badala ya DSA ujue ni kuanzia 1977, maana idara yao ya ugavi ilibadilishwa jina mwaka huo. Afu kuna namba ya stoo, za zamani zina tarakimu 11, kuanzia 1974 wakaenda 13, na kwenye hizo 13 ile ya tano na ya sita zinakutajia nchi: 00 au 01 Marekani, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa, 21 Kanada, 99 Uingereza. Kwaiyo lebo ikianza 8415-12 hata kama hujui Kijerumani neno moja unajua ni ya Mjerumani, na hiyo 8415 ni kundi la mavazi ya kazi maalumu.

Shida ni kwamba lebo nyingi zimefuliwa mpaka wino umekwenda. Ninachofanya, nazima taa, nalaza tochi ya simu pembeni kabisa ili mwanga upite juu ya kitambaa, napiga picha, naongeza kontrasti, tarakimu zinaanza kutokea moja moja. Zikigoma naangalia upande wa nyuma, wino mara nyingi umezama huko. Wapo wanaoshauri ile tochi ya kukagulia noti, kwamba uzi wa zamani haung'ai na wa kisasa unang'aa, ni kweli ila kwenye mitumba usiitegemee, nguo imeshafuliwa na sabuni za kisasa na zile zina kemikali ya kung'arisha, kila kitu kinang'aa.

Sehemu inayonigusa zaidi ni majina. Kwenye makoti ya Kimarekani unakuta ndani ya kola wameandika herufi moja na tarakimu nne, ni herufi ya kwanza ya jina la ukoo na namba nne za mwisho za namba yake ya jeshi, ili nguo isipotee kwa dobi. Wengine wameandika jina kamili kwa kalamu. Huyo ni mtu, alikuwa na ishirini na kitu labda, analinda koti lake lisiibwe na mwenzake wa kitanda cha pili! Haya nayahifadhi lakini kwenye picha ninazoonyesha watu naziba jina, na sitabadilisha huo utaratibu hata mkiniomba.

Utunzaji: shaba siing'arishi kabisa, nafuta vumbi kwa kitambaa kikavu basi, ukisugua unaondoa na ile dhahabu nyembamba iliyobaki na maandishi ya nyuma yanalainika. Kutu ya kijani naitoa kwa kijiti cha mbao taratibu. Lebo nazilaza kwenye marikani iliyofuliwa bila sabuni, sio kwenye plastiki, maana plastiki inashika unyevu na Mbeya masika unajua yalivyo. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu msivitupe, nileteeni.

Hatua inayofuata ni lebo za Bundeswehr, yaani jeshi la Ujerumani, zimejaa boksi zima, jeshi lile lilianza 1955 na zile parka zao zinaingia sana kwenye mabelo. Afu kuna kitu natafuta ambacho sitarajii kukipata kwenye belo: kifungo au beji ya KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), ile ya baragumu. Batalioni ya 6 ilikuwa ya kwetu, uhuru ulipofika 1961 ikageuka Tanganyika Rifles, na wazee wetu wengi walipita KAR mpaka vitani Burma. Kama babu yako aliacha kabuti na liko sandukuni, tafadhali kabla hujalifua piga picha ndani ya kola na nyuma ya kifungo kimoja, halafu uniambie alitokea kijiji gani na alikuwa batalioni ipi. Kabuti libaki kwenu.