Liwale mpaka Dar, safari ya jicho la bibi

Tulipanda basi saa kumi na moja alfajiri, Julai 2024, mimi na bibi yangu, mkono mmoja kanishika mimi na wa pili kashika kikapu ambacho aligoma kabisa kisiwekwe kwenye buti. Jicho la kulia halioni kitu, la kushoto vivuli tu. Mtoto wa jicho. Mwaka wa tatu huo anapapasa ukuta kwenda chooni.

Na kwa nini miaka mitatu, hapa niseme ukweli wa ukoo wetu maana hata sie tuna lawama. Babu alipoanza kuona ukungu wajomba walikaa kikao, korosho zikauzwa, akapelekwa msimu uleule. Bibi tatizo lilelile akaambiwa asubiri, mara ada za watoto, mara bati, mara bei imeshuka, halafu eti yeye si yuko tu nyumbani, kama vile kupikia moto usiouona sio kazi. Kuna kipindi madaktari walikuja kuweka kambi ya macho mjini wilayani, gari la matangazo likapita mpaka kijijini na bibi alilisikia vizuri tu, ila siku yenyewe hakupatikana wa kumshika mkono, wote shamba. Kadi ya CHF, ile bima ya afya ya jamii, tulikuwa nayo, wakati huo elfu 30 kaya ya watu sita mwaka mzima, lakini hiyo mwisho wake ilikuwa hospitali ya mkoa. Na tulishajaribu hospitali moja ya serikali, mwezi wa kwanza tukaambiwa daktari wa macho yuko masomoni, tukarudi tena tukaambiwa lenzi za kuweka jichoni zimeisha. Sa ufuta ulipouzwa nikasema hapana, safari hii bibi anatangulia, wengine watafuata.

Kutoka Liwale mpaka Nangurukuru ilikuwa vumbi, zaidi ya kilomita 200 za kurushwa. Bibi akawa ananiuliza, "Mume wangu, unaona nini huko nje?" namwambia miti tu bibi. "Miti gani?" Wallahi sikuijua hata mmoja. Akacheka mpaka konda akageuka, akasema kumbe kipofu humu ndani sio yeye peke yake.

Nangurukuru lami ikaanza, bibi akalala. Somanga akaamshwa na harufu, wauza samaki wa kukaanga wamejaa madirishani, akabishana bei na sauti asiyoiona sura na akashinda. Maeneo hayo ndo mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara mwezi Mei, siku hizo hata uwe na hela na rufaa mkononi hupiti, jicho litakusubiri. Daraja la Mkapa, Kibiti, kisha foleni ya Mbagala ambayo sitaki hata kuikumbuka. Tukafikia kwa shangazi.

Hospitali siku ya kwanza presha ya bibi iko juu, hawapasui, mkameze dawa mrudi baada ya siku sita. Siku sita ni siku sita za kula mjini. Benchini tulikaa na watu wa Kilwa, Ruangwa, mzee mmoja katoka Mafia na boti, yani kusini nzima iko pale, mjini ndo walipo wataalam wengi na huku kwetu ni wa kuotea. Nikaingia kwenye simu nikakuta Shirika la Afya Duniani linasema watu kama bilioni 2.2 wana matatizo ya kuona, na angalau bilioni 1 kati yao yangeweza kuzuilika au bado hayajashughulikiwa. Nikamtazama bibi, nikasema mmoja wao huyu hapa anatafuna karanga.

Operesheni yenyewe bana! Matone, sindano ya ganzi, nusu saa haikufika katoka na bandeji. Lenzi wanayoweka ni kiplastiki kama gamba la samaki. Zamani zilikuwa ghali sana, mpaka kiwanda cha Aurolab kule Madurai, India, kilipoanza mwaka 1992 kuzitengeneza kwa bei ya chini. Kwa hiyo lenzi sio mlima tena. Mlima ni basi. Nilipiga hesabu, nauli za watu wawili kwenda na kurudi, chakula, bodaboda, pamoja na siku zangu za kibarua nilizopoteza, jumla imezidi tulicholipa hospitali, na hapo tumelala bure kwa shangazi. Asiye na shangazi Dar?

Asubuhi nesi akafungua bandeji. Nilijiandaa kuombewa dua, bibi akainamisha kichwa akatazama kanga yake akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Kumbe mnaniacha natembea na hiki kitambaa? Kimetoboka hivi na mnaniangalia?" Nesi akakimbilia nje kucheka. Tukapewa matone ya wiki kadhaa, asiiname, akae mbali na moshi, jicho la pili litapangiwa tarehe.

Njia nzima ya kurudi alikaa dirishani. Mninga ule. Mtondoo ule. Kajaa furaha ya kunisuta.

Kijijini jirani yetu, bibi mwenzie, ambaye yeye aliwekewa maji ya majani machoni na mganga mpaka jicho likaharibika, akaja akaongozwa na kitukuu. Akampapasa bibi usoni, taratibu, pembeni ya jicho. Hakuuliza kama iliuma. Kaniuliza mimi, "Nauli shingapi, baba?"