Fanusi la Mfunguo Sita

Disemba 2009 umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Wenye mahoteli walikuwa na majenereta yao; sisi Kikwajuni tulirudi kwenye koroboi. Maulidi ya Mfunguo Sita yakaangukia humo humo, mwishoni mwa Februari, na mie nilishawatangazia wenzangu wa chuo cha Kurani kuwa fanusi letu mwaka huu haliwaki kwa mshumaa.

Fundi simu mmoja wa Darajani alinipa mabodi ya simu mbovu. Chini ya vitufe vya simu zile mna vitaa vya LED, chembe za milimita moja na nusu hivi. Kikianguka sakafuni, ndiyo umeshakiaga. Kuving'oa si kazi. Kazi ni kuvilehemu upya, kila kimoja na rezista yake ya kupunguza umeme, kwenye waya mwembamba wa hedifoni. Na pasi ya kulehemu inataka umeme.

Nikafunga kipande cha waya mnene wa shaba kwenye mpini wa mbao, nikakichomeka kwenye jiko la makaa. Risasi ya kulehemu inayeyuka kwenye nyuzi joto 183 hadi 190, kwa hiyo moto wa makaa unatosha na kuzidi. Taabu ni kuwa ncha haikai na joto. Toka jikoni hadi mezani unapata kugusa kiungo kimoja, viwili ukiwa mwepesi. Ukiiacha motoni sana nayo inafanya maganda meusi, risasi inakataa kushika, uanze kukwangua.

Shangazi alikuwa barazani anashona kofia ya viua. Alinitazama weee, mwisho akaiweka bafta, kitambaa cha kofia, pembeni.

"Hebu lete hicho kidude."

"Shangazi, kina chanya na hasi. Kikigeuzwa hakiwaki."

"Nioneshe alama basi, maneno mengi ya nini?"

Alama ilikuwa doa la kijani upande wa hasi. Akavaa miwani. Kibano changu alikitupa, kinarusha vitu, akachomoa sindano yake, akaichovya ncha kwenye mafuta ya kulehemu yanayonata, akakigusa kitaa. Kikanata. Akakilaza juu ya waya pale pale panapotakiwa, doa la kijani likimwelekea yeye, na kidole hakikutikisika hata chembe. Mtu aliyezungushia uzi matundu ya kofia tangu utotoni, milimita moja na nusu kwake ni uwanja.

"Moto!"

Nikawa mie mpeleka moto tu, mbio baina ya jiko na baraza, mpaka laasiri.

Betri ya simu ya volti 3.7 iliviwasha vyote, vyeupe na vya buluu, nyuma ya karatasi ya rangi. Usiku wa maulidi watoto waliligombania kulibeba. Shangazi hakutoka, kofia ya mteja ilitakiwa Ijumaa asubuhi na mchana wake nilikuwa nimeula mie. Mafuta ya taa aliyochoma usiku ule kuimalizia, alinidai.