Prado KZJ95, giaboksi A343F: kuifungua, kuibadilisha au kuiboresha

Kumbukumbu ya mradi, Goma

Gari ni Land Cruiser Prado KZJ95, injini 1KZ-TE, giaboksi ya otomatiki ya gia nne, A343F. Asubuhi rivasi inashika vizuri. Likishapata moto, ukiweka R unasubiri, na likianza kurudi linarudi kwa kusitasita. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu injini inanguruma bure, mzunguko unapanda kupita 3,000, ndipo gia inashika. Ya kwanza na ya pili hazina neno.

Kila aliyeulizwa alikuwa na jibu tayari: toa boîte (giaboksi), weka nyingine. Hilo si jibu mpaka ijulikane kilichoiua hii ya kwanza. Kama muuaji yuko nje ya giaboksi, ile mpya ataiua vilevile.

Siku ya 1 na ya 2: vipimo kabla ya kufungua bolti

Tulianza na oili, ikiwa kwenye joto la nyuzi 70 hadi 80. Injini ikiwa saileni (inazunguka bila kukanyagwa akseleta), unapitisha mkono wa gia kila nafasi, unarudi P, ndipo unachomoa geji. Kiwango kilikuwa sawa, lakini rangi ni ya kahawa nyeusi na harufu ni ya kuungua. Tone kwenye karatasi nyeupe liliacha duara jeusi la vumbi katikati. Rangi ya maziwa yenye wekundu haikuwepo, na hiyo ilikuwa habari njema: maji ya radieta yakiingia kwenye giaboksi, gundi inayoshika ngozi za disiki (sehemu zinazosuguana ndani ya klachi) hulainika, na disiki zote hubadilishwa hata kama kwa macho zinaonekana nzima.

Umeme ulifuata. Unganisha TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi, washa swichi bila kuwasha injini, swichi ya O/D (overdrive, yaani gia ya nne) ikiwa imewashwa, uhesabu taa ya O/D OFF. Kosa la solenoidi (vali za umeme zinazobadilisha gia) lingetoa namba 62, 63 au 64. La sensa ya mwendo 42 au 61. Taa ilipepesa mfululizo, yaani hakuna kosa. Ili kuiondoa kompyuta kabisa, tulichomoa soketi ya solenoidi na kuendesha kwa mkono: hapo D hutoa gia ya nne, 2 hutoa ya tatu, L hutoa ya kwanza. Kwenye 2 gia iliteleza vilevile. Kompyuta haina hatia.

Kisha jaribio la kubana (stall test). Vizuizi kwenye magurudumu yote manne, breki ya mkono, breki ya mguu mpaka chini, akseleta mpaka mwisho kwa sekunde 5 zisizozidi, halafu dakika nzima ya kupumzisha oili. Kwenye D mzunguko ulisimama mahali pake. Kwenye R ulipita. Muda wa kushika kutoka N kwenda D ulikuwa sekunde 0.9, na mwisho unaokubalika ni 1.2. Kutoka N kwenda R ulikuwa 2.4, na mwisho ni 1.5.

Hapa ndipo hesabu inapofanya kazi. Ndani ya giaboksi kuna klachi na breki zinazoshika gia kwa zamu. Klachi C1 hubeba gia zote za mbele, na ya kwanza haitelezi, kwa hiyo C1 ni nzima. C2 hufanya kazi kwenye rivasi, ya tatu na ya nne: ndipo hasa tatizo lilipo. Rivasi hutumia pia breki B3, lakini B3 hupimwa kirahisi. Endesha kwenye L, achia akseleta. Injini ikilizuia gari, B3 inashika. Ilizuia. Aliyebaki ni C2 peke yake.

Siku ya 3: kebo

Huu ndio ugunduzi wa mradi mzima, na ulichukua dakika kumi. Giaboksi hii ina kebo inayotoka kwenye akseleta na kuingia kwenye vali bodi (bamba la vali zinazogawa presha ya oili), na kebo hiyo ndiyo inayoiambia presha ipande mguu unapokandamiza. Akseleta ikiwa chini kabisa, umbali kati ya mdomo wa gamba la kebo na kizuizi kidogo kilichobanwa kwenye waya unatakiwa uwe 0 hadi 1 mm. Hapa ulikuwa karibu 6 mm. Nati mbili za kurekebisha zilikuwa na alama mpya za spana: mtu aliilegeza, bila shaka ili gia zibadilike kwa ulaini. Ulaini huo ndio sumu. Presha inabaki ndogo wakati injini inasukuma kwa nguvu, disiki zinateleza kidogo kila gia inapobadilika, na kila kuteleza ni moto.

Tulifunga geji ya presha yenye uwezo wa bar 20 kwenye tundu la kupimia ubavuni mwa giaboksi. Saileni, presha ilikuwa ndani ya kipimo cha kitabu. Kwenye jaribio la kubana ilikuwa chini, D na R zote mbili. Kebo iliporekebishwa hadi 1 mm, presha ya kubana ilipanda mpaka pake. Maana yake pampu ni nzima na vali kuu ya presha haijakwama. Geji hiyo moja ndiyo iliyokuja kuamua mambo, kwa sababu pampu iliyochoka ingeufuta mpango wa kuifungua.

Siku ya 4: upozaji

Chomoa bomba la oili inayorudi kutoka kwenye radieta, liingize kwenye galoni yenye alama, washa injini saileni. Lita 1 inatakiwa itoke ndani ya sekunde 30. Ilitoka kwa sekunde 70. Kipoza kilicho ndani ya tangi la chini la radieta kilikuwa kimeziba kwa uji mweusi, na kwa mbele mapezi yalikuwa yamejaa tope lililokauka.

Wenye kupanda kuelekea Masisi wanaijua kazi ya huko: mwendo mdogo, mzigo mkubwa, mlima mrefu. Kwa mwendo huo konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) haijifungi kushikana moja kwa moja na injini, oili inakorogwa ndani yake na nguvu ya injini inageuka joto. Hapo upozaji nusu hautoshi.

Uamuzi

Njia zilizokuwa mezani zilikuwa nne.

Giaboksi ya mtumba, ama kutoka maduka ya Birere, hapa Goma, au kuagizwa soko la Kisekka, Kampala. Bei hadi kufika Goma ilikuwa karibu mara mbili ya vipuri vya kuifungua hii yetu, na historia yake haijulikani. Muuzaji anasema, "Mzee, A340 na A343 ni moja tu." Si moja. Ni ukoo mmoja, lakini gia ya nne ya A340 nyingi ni 0.705 na ya A343 ni 0.753, na idadi ya disiki hutofautiana kufuatana na injini.

Kuhamia gia ya mkono, R151F. Ni giaboksi imara na injini hii inaikubali. Lakini si giaboksi peke yake unayonunua: kuna flaiwili, klachi, pedali na pampu yake, kengele (gamba linalounganisha giaboksi na injini), shafti ndefu ya kwenda nyuma inayoweza kuhitaji urefu mwingine, na waya wa kuwashia unaopita kwenye swichi ya P na N. Kwa gari ambalo kosa lake ni kebo na radieta, ni kubomoa nyumba kwa sababu ya paa linalovuja.

A750F ya gia tano. Hiyo haina kebo. Presha yake huongozwa na solenoidi kwa amri ya kompyuta yake, na kompyuta ya 1KZ-TE haiwezi kutoa amri hizo. Tuliiacha bila mjadala.

Iliyobaki ni kuifungua hii yenyewe, na pesa za kuboresha kuziweka kwenye upozaji, konvata na presha sahihi. Hiyo ndiyo tuliyoichukua, kwa sharti moja: sampo (beseni la oili chini ya giaboksi) ikionyesha vipande vya chuma, tunarudi mezani.

Siku ya 6: sampo

Sampo ilikuwa imebonyea ndani kiasi cha kidole. Mawe ya volkano ya barabara zetu hayana huruma na tumbo la gari. Mbonyeo huo ulikuwa umekaribia kuigusa chujio, na chujio likibanwa, pampu hunyonya hewa. Sampo ilinyooshwa kwa nyundo ya mbao juu ya ubao, ukingo wake ukapimwa kwenye kioo.

Kwenye sumaku kulikuwa na uji laini wa kijivu tu. Vipande vyenye ncha vingekuwa beringi au meno ya gia. Chembe za njano zisizoshikwa na sumaku zingekuwa bushi. Nyuzi nyeusi zilikuwa nyingi, nazo ni ngozi ya disiki. Sharti limetimia, tunaendelea.

Wiki ya 2: kufungua

Vumbi jeusi la Goma linakwaruza kama msasa, na giaboksi hii ina vali zinazopita kwenye matundu yasiyo na nafasi hata ya unywele. Tulimwagia sakafu maji, tukafunga plastiki pande tatu za kibanda, na hakuna kitambaa cha pamba kilichoruhusiwa mezani kwa sababu huacha nyuzi. Kabla ya kuinua kila bamba la vali bodi tulipiga picha: mipira midogo ya ndani ikibadilishana nafasi, gia zitakosea na hutajua kwa nini.

C2 ilikuwa kama ilivyotarajiwa. Ngozi ya disiki nyeusi, inabanduka kwa ukucha. Sahani za chuma zina madoa ya bluu. Sili za pistoni ngumu kama plastiki. C1 na nyingine zilikuwa na rangi ya kahawia ya kawaida. Dramu ya C2 haikuwa na mikwaruzo ya kushika ukucha.

Kabla ya kuagiza, hesabu disiki zilizotoka, pima kipenyo cha nje, hesabu meno, tuma picha pamoja na kipimo. Boksi lililoandikwa A340 linaweza kuja na disiki pungufu. Tuliagiza seti kamili ya sili na gasketi, disiki za klachi zote, sahani za C2, chujio na konvata iliyotengenezwa upya. Konvata ya zamani haikurudishwa: uchafu unakaa ndani, na kuipitishia petroli hakuutoi wote.

Wiki ya 4: kufunga

Disiki mpya zililowekwa kwenye oili ya Dexron III kwa saa mbili. Beringi za sindano zilishikiliwa kwa vaselini, si grisi, kwa sababu vaselini huyeyuka kwenye oili na grisi huziba matundu. Nafasi ya klachi ilipimwa kwa geji ya saa huku hewa ya bar 4 ikiisukuma pistoni. Kama kanuni ya mkono, mafundi huhesabu karibu 0.25 mm kwa kila disiki, kisha kitabu ndicho kinachoamua. Hewa hiyo hiyo ilipulizwa kwenye kila njia kabla ya kurudisha vali bodi. Klachi nzima inasema "dub" mara moja na kunyamaza. Ikiendelea kupumua, sili imekunjika: fungua tena.

Konvata ilitiwa lita moja ya oili na kuingizwa kwa kuzungushwa polepole. Inashuka kwa hatua tatu: meno ya stata, meno ya mhimili, mwisho masikio ya pampu. Ukiikosa hatua ya tatu na kuvuta kengele kwa bolti, unapasua pampu siku ileile. Baada ya kengele kukaa, konvata inatakiwa izunguke kwa mkono kabla ya kufunga bolti zake sita.

Sampo ilifungwa kwa takriban 7 N·m, kwa msalaba. Kukaza zaidi ndiko kunakoleta mvujo.

Radieta ni mpya. Baada yake oili inapita kwenye kipoza cha pili cha mapezi kilichowekwa mbele, kwa mabano ya chuma, si kwa nyuzi za plastiki zinazopita kwenye mapezi. Mpira wake ni wa oili ya giaboksi. Ule wa dizeli hulainika kwa joto. Kipoza cha radieta hakikurukwa, kwa sababu Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na asubuhi za hapa oili nayo inahitaji kupashwa.

Vipimo vya mwisho

N kwenda R: sekunde 1.1. Oili inayorudi: lita 1 kwa sekunde 22. Kebo: 0.5 mm. Pili kwenda tatu inashika bila kunguruma. Kwenye mlima mrefu gari liliwekwa gia nzito (low), na geji ya joto kwenye bomba la kutoka haikupita nyuzi 95.

Baada ya km 500 sampo itashushwa tena, chujio na sumaku zikaguliwe. Nati za kebo zimetiwa alama ya rangi nyeupe, ili atakayezigusa aonekane.