Nilivyoliua jaketi langu la mvua kwa kulifua, kisha nikalifufua

Jaketi lenyewe nilipewa geti la Mweka, siku ya kuagana. Wageni wanaoshuka Kilimanjaro wana desturi ya kugawa vitu: viatu, glavu, tochi za kichwani, wakati mwingine soksi zenye matundu ambazo mtu anakukabidhi kwa mikono miwili kana kwamba ni dhahabu. Mimi niliangukiwa na jaketi la mvua la bluu, la Gore-Tex, kutoka kwa Mjerumani niliyembebea begi siku sita. Kabla ya hapo nilikuwa naazima nguo za mlimani KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi pale Moshi mjini, ambao huwaazima wapagazi bila malipo, na kila nikishuka narudisha. Sasa nilikuwa na la kwangu.

Lilikuwa chafu. Kola ilikuwa nyeusi kwa jasho na mafuta ya kujikinga na jua, mikono ina tope la msituni lililokauka. Nikafanya ambacho mtu yeyote aliyelelewa na mama mkali angefanya. Nililoweka usiku kucha kwenye beseni la sabuni ya unga, asubuhi nikalisugua kwa brashi ya viatu, kola nikaigusia jiki, na mwisho (hapa huwa najicheka mwenyewe) nikalisuuza kwa ile dawa ya kulainishia nguo yenye harufu ya maua, kwa kuwa mama watoto alikuwa nayo na nilitaka linukie. Nikalianika juani, nyumbani Pasua, toka asubuhi hadi jioni. Likatoka safi, linanukia kama bibi harusi, na kwenye kola pana doa lililopauka ambalo lipo mpaka leo.

Safari iliyofuata ilikuwa mwezi wa 11, vuli imeshaanza, njia ya Machame. Anayeijua siku ya kwanza ya Machame anajua ni msitu mtupu: geti liko kwenye mita 1,800 hivi, kambi inakaribia 3,000, na katikati hapo mvua ikiamua kushuka haina aibu. Ilitukuta saa nane mchana. Nilikuwa na mzigo wa kilo 20, nimejifungia zipu mpaka kidevuni, natembea kwa maringo. Haikupita nusu saa kitambaa kilikuwa kimekunywa maji, bluu imegeuka nyeusi, mikono ya jaketi imeninata kama ngozi ya pili. Nilipofika kambini fulana ya ndani ungeweza kuikamua.

Wagumu wenzangu, ndivyo tunavyoitana wapagazi, walifurahi sana.

"Umepigwa, mwanangu. Hilo feki."

Mwingine, mzoefu zaidi, akatoa hukumu: "Majaketi haya hayafuliwi. Ukilifua umeliua. Mimi langu lina miaka minne halijagusa beseni." Na kweli, ukikaa upande ule upepo unakotokea ulikuwa unalisikia.

Aliyeniokoa ni mwongoza wageni wetu wa siku nyingi, ambaye sote tunamwita Babu. Aliniita kwenye hema la kupikia, akanusa mkono wa jaketi.

"Umelifua na nini, kijana wangu?"

"Sabuni tu, Babu."

"Na marashi haya?"

Nikanyamaza. Hakunigombeza. Alilivua kutoka mabegani mwangu, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono yote, taratibu, kama mtu anayekagua maharage. Halafu akalishika mgongoni akatengeneza kama kibakuli, akamwambia mpishi amimine kikombe cha maji humo. Tukangoja. Mpishi alipakua, watu wakala, maji bado yametulia kwenye kibakuli. Akapitisha kiganja chini yake, akanionyesha: hakuna tone lililopenya.

"Halivuji hili. Lililokulowesha ni jasho lako."

Sikumwelewa siku hiyo. Nilielewa baadaye, kwa kumuuliza maswali njia nzima na kwa kusoma kwenye simu nikirudi. Jaketi la namna hii ni matabaka. Nje kuna kitambaa cha kawaida cha nailoni au poliesta. Chini yake kuna utando mwembamba sana wenye vitundu vidogo kiasi kwamba tone la maji haliwezi kupenya, ila mvuke wa jasho unapita. Utando wa Gore-Tex kwa miaka mingi ulitokana na plastiki ileile inayopakwa kwenye kikaango kisichoshika chakula. Bob Gore, Mmarekani, aliigundua tabia hiyo mwaka 1969 alipoivuta kwa ghafla fimbo ya plastiki hiyo ikiwa ya moto, nayo badala ya kukatika ikarefuka. Utando ndio unaozuia maji, na wangu ulikuwa mzima.

Kilichokufa ni kitu kingine. Kile kitambaa cha nje kimepakwa kiwandani dawa ya kufukuza maji. Dawa ikiwa nzima, tone likidondoka linaviringika na kuanguka, sawasawa na kwenye jani la gimbi. Mtoto yeyote wa Uchagani amecheza mchezo huo mferejini: unalitosa jani majini, unalitoa kavu. Dawa hiyo ikifunikwa na uchafu, mafuta, moshi wa jiko, au mabaki ya sabuni, kitambaa kinaanza kunywa maji. Mvua haifiki ndani, bado inazuiwa na utando, lakini mvuke wa jasho nao hauna pa kutokea kwa sababu nje kumetanda maji. Mpagazi mwenye kilo 20 anatoa jasho kama bomba. Jasho linagonga utando wa baridi, linageuka maji, linakurudia. Unaapa jaketi linavuja, kumbe umejichemsha mwenyewe kwa mvuke kama ndizi kwenye sufuria.

Na sabuni yangu ndiyo iliyomaliza kazi. Sabuni ni dalali: maji na mafuta havisikilizani, yeye anakaa katikati anawapatanisha. Ndiyo maana inasafisha. Lakini sabuni ya unga isiposuuzwa vizuri inabaki kwenye nyuzi, na dalali akibaki anaendelea kuita wateja. Mvua ikija anaikaribisha ndani ya kitambaa. Ile dawa ya kulainisha ni mbaya zaidi, kwani kazi yake hasa ni kubaki kwenye nguo. Nilikuwa nimelipaka jaketi langu kitu cha kuvuta maji, kwa fedha yangu, tena kwa harufu ya maua.

Nilisubiri mpaka masika. Mwezi wa 4 na wa 5 mlimani kazi ni haba, wageni wachache, nafasi ya kufua ipo. Kwanza nilisoma kile kilebo cha ndani ubavuni, ambacho mara ya kwanza nilikipuuza kwa kuwa hakina maneno ya maana, michoro tu. Michoro hiyo ndiyo maelezo yenyewe: beseni lenye 40 maana yake maji yasizidi nyuzi 40, pembetatu iliyokatwa ni marufuku ya jiki, pasi yenye nukta moja ni moto mdogo kabisa, na mraba wenye duara ni mashine ya kukaushia, ambayo mtaani kwetu sijaiona kwa mtu.

Nikafunga zipu zote, pamoja na za makwapani na za mifuko, nikalegeza kamba za kofia. Maji ya uvuguvugu, ya kumwogeshea mtoto. Sabuni ya maji kidogo sana, isiyo na harufu wala kilainishi, kifuniko kimoja kwa beseni zima. Brashi niliiweka mbali. Nilisugua kola na vikofi vya mikono kwa vidole na sponji laini, kwingine nikaminya tu. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi, na hili lilikuwa jaketi ambalo mimi nililihesabu safi! Kisha kusuuza. Hapa ndipo pa kutulia. Nilisuuza mara tano, nabadilisha maji, mpaka nikiliminya halitoi povu hata la kumdanganya mtu. Sikulikamua kwa kulisokota, maana kusokota kunavunja utando na kubandua utepe wa mishono; nililining'iniza barazani kivulini likachuruzika lenyewe.

Likakauka. Nikalinyunyizia maji kwa kiganja: yakakaa sekunde mbili tatu, yakaingia. Nilikata tamaa kidogo, nakiri. Babu alikuwa ameniambia, "Usiache bila moto," nami nilidhani ni mzaha wake.

Moto wenyewe ni wa pasi. Ile dawa ya kufukuza maji ni kama vinyweleo vilivyosimama kwenye nyuzi. Matumizi na kufua vinavilaza, joto linavisimamisha tena. Wenye mashine hukaushia kwa joto la wastani dakika 20. Mimi nilichukua pasi ya umeme, nikaiweka kwenye alama ya chini kabisa, bila mvuke, nikatandaza taulo la bluu la mama watoto juu ya jaketi, nikapiga pasi juu ya taulo, sehemu kwa sehemu, bila kusimama mahali pamoja. Kila baada ya muda naliinua taulo naweka kiganja: liwe la vuguvugu, lisiwe la kuunguza. Pasi ya mkaa sikushauri hata kidogo. Rafiki yangu wa Majengo alijaribu baada ya kunisikia, cheche moja ikatua kwenye bega, sasa ana tundu la ukubwa wa punje ya mahindi alilolibandika kiraka.

Nilipomaliza nililitundika, nikachovya vidole kwenye kikombe, nikarusha. Matone yakasimama juu ya kitambaa, mviringo, yanang'aa, nilipolitikisa yakakimbia. Nilimwita mama watoto aje aone. Akaja, akaangalia, akaniuliza taulo lake liko wapi.

Lakini si sehemu zote zilizorudi. Mabegani, mzigo unapokaa, na kisogoni, dawa ilikuwa imesuguliwa ikaisha, na moto haufufui kisichokuwepo. Hapo ndipo dawa ya kununua inapohitajika. Nilimwomba mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kupanda mara ya pili aniletee chupa ya Nikwax ya kupuliza, akaniletea. Nililifua tena, nikapuliza likiwa bado bichi, mabegani nikarudia mara mbili, nikafuta iliyozidi kwa kitambaa, nikalianika. Watu wengi wananiuliza hiyo chupa kabla hata hawajaligusa jaketi kwa maji. Ukipuliza juu ya uchafu umepaka uchafu rangi. Nusu ya majaketi wanayoniletea yanapona kwa kufuliwa na kupigwa pasi tu.

Yapo yasiyopona, na ni bora kuyajua mapema. Shemeji yangu alinunua la mitumba sokoni Memorial, zuri kwa nje, rangi ya machungwa. Nilipoligeuza ndani lilinata vidoleni, na lilikuwa linapukutika ganda jeupe kama mba. Hiyo si Gore-Tex. Ni ile aina ya bei nafuu iliyopakwa tabaka la plastiki ya poliuretani ndani, ambayo ikikaa miaka mahali pa joto na unyevu inaoza yenyewe, hata kama halijavaliwa. Halina dawa. Shemeji alinuna, akasema nimemwonea wivu, sasa analivaa akienda kukata majani ya ng'ombe. Tangu hapo nikienda Memorial siangalii nje kabisa: naligeuza, nakwaruza kwa ukucha, navuta utepe wa mishono kidogo kwenye makwapa na kofia, nanusa. Utepe uliobanduka pembeni tu si msiba, gundi ya mishono inaurudisha. Ukiwa umebanduka mgongo mzima, muuzaji abaki nalo.

Siku hizi nafua kila baada ya safari tatu au nne, au nikiona tu maji yameacha kuviringika. Majaketi mapya wanayokuja nayo wageni yanahitaji zaidi ya hapo: viwanda vinaachana na dawa zenye florini kwa kuwa zinadumu kwenye mazingira bila kuoza, na dawa mbadala hazivumilii mafuta, hivyo jasho na krimu vinazichosha upesi. Nikishuka mlimani sililazi kwenye begi likiwa bichi hata usiku mmoja, kwani ukungu ukiingia harufu haitoki. Nalitundika kivulini, halafu kabatini kwenye henga, halikunjwi likabanwa. Zipu ikigoma naipitishia mshumaa.

Mwaka huu nimefua majaketi 11 ya wenzangu, pamoja na lile la miaka minne, ambalo nilimwomba mwenyewe alilete likiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Maji yake ya kwanza nilimwaga mbali na bustani. Malipo yangu ni soda, au mbege kama ni Jumapili. Taulo la bluu limeshakuwa langu rasmi. Mama watoto amenunua jingine, na hajaniambia analiweka wapi.